Penye Kitanzi Ndipo Juu

Mke wangu hakupanda mashua maisha yake yote. Maji mengi aliyoyajua ni ya ndoo ya kupigia deki. Kwa hiyo nilipoingia kwenye ule ukumbi wa maonyesho ya picha nikasoma chini ya kazi yake, "Mashua ya Matumaini," nilijua kuna mtu amefanya upumbavu. Naandika ili ijulikane upumbavu ulikuwa wa nani, na mke wangu alikuwa nani.

Alikuwa mfagiaji. Miaka ishirini na sita alifagia jengo moja la ghorofa tatu. Chini duka la dawa, katikati ofisi ya bima, juu kabisa chuo cha kupiga chapa. Alianzia juu akishuka, kwa sababu vumbi nalo hushuka.

Mimi ni fundi viatu. Benchi langu liko mlangoni mwa chumba chetu, nusu ndani nusu nje. Shule hatukuingia, si yeye si mimi. Herufi nilizipata kwenye magazeti ambayo wateja walifungia viatu vyao. Nilimuuliza huyu hii nini, yule hii nini, mpaka nikaweza. Yeye hakutaka. Nilipojaribu kumfundisha alisema, "Wewe soma. Mimi nitatazama."

Chumba chetu ni cha mbao, na mbao zina nyufa. Tulipohamia, binti yetu bado ananyonya, mke wangu alipika gundi ya unga wa ngano akabandika magazeti ukuta mzima kuziba upepo. Nikainua macho kutoka kwenye kiatu, nikaona nusu ya magazeti yamekaa vibaya.

"Mama, umeyapindua haya."

"Yapi?"

"Maandishi. Yamesimama kwa kichwa."

"Kwani upepo unasoma?"

Nikarudia kiatu changu.

Kwenye ukuta ule ndipo alipoanzia. Kipande cha tangazo jekundu kilikuwa kimelala ubavuni mwa kipande cheusi, akakitazama siku nzima huku anamnyonyesha mtoto. Kesho yake alirudi kutoka kazini na karatasi mfukoni mwa koti. Kesho kutwa na nyingine. Akatafuta boksi la kuziweka, likajaa, akatafuta la pili.

Mtu asidhani aliokota ovyo. Alichukua kilichokuwa sakafuni au kwenye pipa, basi. "Cha mezani kina mwenyewe," alisema, na hata karatasi iliyokuwa ukingoni mwa meza inataka kuanguka, hakuisaidia kuanguka. Hata hivyo mkubwa wa ofisi ya bima alitangaza kuwa kuna mtu anatoa siri zao nje. Mwezi mzima mlinzi akampekua getini kila jioni, watu wanatazama.

"Haya, Mama Karatasi, leo umeiba takataka gani?"

"Kama ni mali, mbona mmeitupa?"

Mlinzi alicheka, lakini aliendelea kupekua. Jina likaganda. Mtaa mzima wakamwita Mama Karatasi, na kila walipolitaja jina walitia kicheko ndani yake. Siku moja nami nilicheka. Aliniona. Hilo nalibeba mwenyewe.

Mkasi hakuutaka. "Mkasi una haraka," alisema. Alichana kwa kidole gumba kilicholowa mate, polepole, ukingo utoke na manyoya. Bahasha za bima zina mistari ya bluu kwa ndani, kusudi barua isionekane. Hiyo ilikuwa mvua yake. Ile karatasi ya fedha ya ndani ya paketi za majani ya chai ilikuwa mabati. Mazoezi ya wanafunzi wa kupiga chapa, karatasi nzima herufi ileile moja kutoka juu mpaka chini, yalikuwa kokoto za njia. Karatasi ya kaboni iliyochoka ilikuwa nywele. Tiketi za basi za manjano zilikuwa jua la asubuhi ukutani, na za waridi zilikuwa jua la jioni, na ole wako uzichanganye. Risiti za siku hizi, zile nyororo, aligundua mwenyewe kwamba ukizigusa kwa mpini wa kijiko cha moto zinatoa weusi bila kuungua. Kwa hizo alifanya vivuli na mikunjo ya uso. Nani alimfundisha? Hakuna. Kwenye gundi alitia shabu kidogo ili mende wasiile kazi yake.

Picha yake ya kwanza iliyosimama yenyewe, si ya ukutani, ilikuwa nyumba yetu. Kipande cha boksi, mkono mmoja kwa urefu. Aliniachia ikauke, akaenda kazini. Mimi kwa kutaka kumfurahisha nikapigilia msumari juu ya kitanda, nikaitundika. Niliitundika kwa kufuata herufi. Palikuwa na neno kubwa, SABUNI, nikaona neno likisimama vizuri na picha itakuwa imesimama.

Alirudi jioni, akabaki pale mlangoni na ndoo mkononi.

"Nani kaipindua nyumba yangu?"

"Mbona iko sawa? Ona, sabuni ile."

"Mimi sikutengeneza sabuni. Nilitengeneza nyumba. Paa liko chini, na sisi tumo ndani tunamwagika."

Siku mbili hakusema nami. Chakula nilipewa, maneno sikupewa. Siku ya tatu akaja benchini.

"Nipe uzi wako. Ule wa nta."

"Wa nini?"

Alitoboa boksi kwa sindano yangu, akapitisha uzi, akafunga kitanzi. Tangu siku hiyo kila picha ilikuwa na kitanzi cha uzi wangu. Akaniambia kama mtu anayemwambia mtoto, "Penye kitanzi ndipo juu. Hata mtu anayesoma ataelewa."

Picha ilikaa msumarini mpaka ikaja nyingine, nayo ya zamani ikaenda chini ya kitanda. Hivyo miaka yote. Sikuwahi kumwambia ni nzuri. Nilimpa uzi.

Halafu akaugua. Miezi mitano kitandani. Mikono yake haikuacha. Sasa karatasi zilimfuata zenyewe: kadi za kliniki, vibahasha vyeupe vya vidonge, maganda ya dawa ya rangi ya fedha. Mimi nilikuwa benchini nashona, mgongo kwake, kwa sababu mwanga unatoka nje na fundi lazima auelekee. Nilijiambia nafanya kazi. Kumbe nilikuwa natazamwa.

Siku moja aliniita nimfungie kitanzi. Vidole vyake havikushika tena sindano. Nikaichukua picha. Mtu amekaa kwenye benchi, mgongo huku, shati la mistari ya bluu ya bahasha, mabega yameshuka, kiatu magotini. Mbele yake mlango, na mlangoni mwanga mweupe wa vibahasha vya dawa.

"Ni mimi huyu?"

"Nani mwingine anakaa hapo?"

"Mbona umenifanya mgongo?"

"Ndio ninaouona."

Nilifunga kitanzi. Mafundo mawili, kama ya kiatu cha askari. Baada ya siku tisa hakuwepo.

Binti yetu ni karani, mtu wa kalamu na viatu vya kisigino. Alipokuwa shuleni alimwomba mama yake asije kumchukua na lile koti lililojaa karatasi, na mama yake hakwenda tena. Baada ya msiba alivuta maboksi kutoka chini ya kitanda. Akakaa sakafuni, akalia mpaka kamasi. Akasema, "Baba, watu lazima wazione hizi." Alikuwa anafahamiana na mwenye ukumbi wa picha. Nikakubali. Alichukua kumi na moja, pamoja na ile ya mwisho, ambayo ndiyo ilikuwa msumarini. Ile nilitaka kuikataa. Alinibembeleza, nikaitoa ukutani kwa mkono wangu.

Sikumwambia juu ni wapi. Vitanzi vilikuwepo.

Siku ya kufungua ilikuwa saa kumi jioni. Nilipiga viatu rangi, nikaenda kwa miguu na fimbo yangu. Ukumbi ni mweupe kama hospitali, kuta tupu, taa juu ya kila picha. Watu walishika bilauri na kusema polepole. Mwenye ukumbi alikuwa amejifunga skafu shingoni na joto lile. Nitamwita Skafu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wetu! Pole sana, na hongera sana. Marehemu alikuwa hazina."

"Asante."

"Tembea, tazama. Jisikie nyumbani."

Nikatembea. Nikafika kwenye "Mashua ya Matumaini." Ilikuwa nyumba yetu. Ile ile, SABUNI imesimama vizuri, paa chini, sisi ndani tunamwagika. Miaka yote ile imepita, na nyumba yake imepinduliwa tena.

Nikaenda ya pili. "Bakuli la Njaa." Ule ulikuwa mwavuli. Binti yetu anakwenda shule siku ya mvua, chini ya mwavuli mweusi wa kaboni. Wameupindua, mwavuli umekuwa bakuli, na mtoto ananing'inia kwa miguu kama nguo kwenye kamba. Njaa ipi? Siku hiyo tulikuwa tumeshiba sote.

Ya tatu hivyo. Ya nne imelazwa ubavu. Nilianza kutembea haraka, na fimbo yangu inagonga sakafu, watu wananipisha. Mwisho kabisa, peke yake kwenye ukuta mzima, chini ya taa kubwa, ilikuwa ile yangu. "Ndege Anayeanguka." Watu sita wamesimama mbele yake, wameinamisha vichwa. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa anapangusa macho.

Nilikuwa nimening'inia kichwa chini. Shati langu limekuwa mbawa. Benchi langu limekuwa mawingu, sijui limekuwa nini. Na pale juu, mahali pa kitanzi, pale ambapo sasa palikuwa chini, nikaona tundu mbili ndogo za sindano. Uzi haupo.

"Vitanzi viko wapi?"

Sikupiga kelele, lakini ukumbi ule unarudisha sauti. Skafu akaja.

"Mzee, kuna tatizo?"

"Vitanzi vya mke wangu viko wapi?"

"Vitanzi... Ah! Vile viuzi? Tulivikata, mzee wangu. Vilikuwa vinachafua fremu. Kazi zote tulizisafisha kwanza."

"Mkavitupa wapi?"

"Kwenye pipa, nadhani." Akatabasamu. "Ilikuwa wiki iliyopita."

Mke wangu angejua la kufanya na pipa. Mimi nilijua kusimama tu.

"Picha hizi mmezipindua," nikasema.

"Hapana, mzee. Tulikuwa waangalifu sana. Tumefuata maandishi. Unajua, maandishi yana juu na chini."

"Yeye hakufuata maandishi. Alifuata paa."

Akanisogelea, akashusha sauti, ile sauti ya mtu anayemficha mgonjwa habari. "Mzee wangu, samahani nikuulize. Marehemu hakujua kusoma, sivyo?"

"Hakujua."

"Basi huenda yeye mwenyewe hakujua juu ni wapi. Na ndio uzuri wake! Alikuwa huru. Hakufungwa na juu wala chini."

Nimeishi miaka mingi. Nimeambiwa maneno na watu wenye viatu vibovu na wenye viatu vizuri. Neno kama lile sijaambiwa.

"Sikiliza," nikasema. "Kusoma alikuwa hajui. Juu alipajua. Alifagia ghorofa tatu kwa miaka ishirini na sita, na kila siku ya Mungu alianzia juu."

Kuna mtu alicheka, akajizuia. Yule mama wa miwani akasema kwa upole, "Lakini baba, mimi nilimpenda sana yule ndege. Alivyo na huzuni."

"Mama, huyo ndege ni mimi. Na siangushwi na kitu. Nimekaa."

Binti yangu alikuwa amefika. Mlio wa kisigino ulimtangulia. Akanishika kiwiko, anacheka kwa meno tu, kwa ajili ya wageni.

"Baba, jamani. Tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Kuna msumari mtupu."

"Baba, watu wanatazama."

"Si ndicho mlichowaitia? Watazame basi!"

"Unaniaibisha."

"Mama yako ananing'inia hapa kichwa chini kwenye kuta tatu, hukuona aibu. Ulipita hapa mara ngapi leo? Wewe mwenye shule, umezisoma zote. Ulizitazama?"

Skafu alisema watalizungumza kwa utulivu, kwamba maonyesho ni ya wiki mbili, kwamba kijitabu kimeshachapwa na picha zimo humo vilevile na majina yake.

"Kijitabu kigeuze," nikamwambia.

"Maneno yatakuwa kichwa chini, mzee."

"Ndivyo alivyozoea kuyaona."

Kisha nikampa binti yangu fimbo, nikaishika fremu kwa mikono miwili, nikaitoa ukutani. Mlinzi wa ukumbi akaja mbio. "Mzee, mzee! Hivi ni vya kutazama, si vya kushika!" Nilimtazama. Sura nyingine, lakini ni yule yule wa getini. Nikakaa sakafuni na picha yangu magotini, kama ninavyokaa na kiatu. Kumnyanyua mzee sakafuni mbele ya wageni si kazi nyepesi. Mlinzi alimtazama Skafu, Skafu akatazama kuta.

Uzi wa nta na sindano viko mfukoni mwa shati langu siku zote, kama kalamu kwa wengine. Niliigeuza fremu. Nikazungusha uzi kwenye ubao wa juu, juu ya kweli, mara nne, nikafanya kitanzi. Fundo la kwanza lilifunguka. Nikalifunga tena. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama fundi viatu akifunga fundo.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza aliiona picha mahali pake, tena aliiona kutoka pale nyuma ya mgongo wangu, mimi nimekaa vilevile, mabega vilevile. Nikasikia fimbo imeanguka.

"Baba. Hili ni shati lako la mistari."

Nikakaza fundo.

"Huu ni mlango wetu. Hapa ni..." Akachuchumaa karibu yangu. "Hivi ndivyo alivyokuwa anaona kutoka kitandani."

"Miezi mitano."

Rangi aliyojipaka machoni ilikuwa inamtiririka shavuni, hajali. Halafu akavua viatu vyake vya kisigino, akaviweka kando, akasimama pekupeku katikati ya ule ukumbi mweupe.

"Uzi ulionao unatosha?"

"Unatosha viatu mia."

Akamgeukia Skafu. "Lete ngazi."

"Lakini dada, hatuwezi katikati ya..."

"Ngazi. Au nizichukue zote sasa hivi, ubaki na kuta na majina yako."

Ngazi ililetwa. Ilishikwa na yule yule mlinzi. Binti yangu alipanda, akashusha moja moja, mimi nikafunga vitanzi pale sakafuni. Kwa kila moja alinitazama, nikamwambia, "Paa hilo," au "Mwavuli huo, wewe ni huyu wa chini yake," naye akaitundika. Mwavuli aliushika muda mrefu kabla ya kuupandisha. Yule mama wa miwani akaweka bilauri chini, akawa ananipokea fremu na kumpa. Kati ya kumi na moja tuligeuza tisa. Mbili tulizoziacha zilikuwa sawa tangu mwanzo, kwa sababu hazikuwa na herufi hata moja. Wenye kusoma hawakupata cha kuwapoteza.

Maonyesho yalipokwisha niliichukua yangu. Fremu yao niliitoa, nikawarudishia. Nimetoboa palepale kwenye tundu zilezile mbili, nimepitisha uzi mpya, na imerudi msumarini.

Sasa kuhusu kile kijitabu. Skafu aliahidi kuchapa kingine. Hakuchapa. Watu wengi wanacho majumbani mwao, na humo ndani mke wangu bado ana mashua, bado ana njaa, na mimi bado naanguka. Kama unacho, kigeuze. Kisha utazame.

Alichofanya ni kupachika kikaratasi kwenye vijitabu vilivyobaki. Alinitumia kikaratasi kimoja kwa heshima. Nimekisoma benchini, polepole, neno kwa neno. Kinasema kwamba huenda baadhi ya kazi ziliwekwa kinyume na alivyokusudia marehemu.

Huenda.

Karatasi yenyewe ni nzuri, ngumu, nyeupe ya maziwa. Nimelowesha kidole gumba, nikalichana neno hilo moja taratibu, nikalitia jikoni kwenye makaa. Iliyobaki nimeiweka kwenye boksi lake, upande alikoweka karatasi nyeupe.